Mimi Nilikuwa Ndani ya Ile Ndege

Tumemzika Limi. Alikufa kitandani kwake, mchana, mlango ukiwa wazi, baada ya kunywa uji na kulalamika kwamba umewekwa ndimu kidogo. Nayaandika haya mwanzoni kwa sababu nataka yasomwe mwanzoni. Pale msibani, mjukuu wake aliyekuwa akisoma historia fupi ya marehemu alipofika kwenye chanzo cha kifo alishusha sauti, akasema, "Bibi amefariki kwa uzee," kama mtu anayetaja jambo la aibu. Nikasimama katikati ya akina mama, nikamwambia, "Rudia, baba. Wa nyuma hawajasikia." Akarudia kwa nguvu. Wapo wazee waliotazama chini, na wapo walionitazama kwa jicho lile lile walilonitazama nalo zamani kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji, nilipokuwa binti mwenye mguu wa plasta na mdomo usionyamaza. Nami nikawatazama. Sikuwa nimekwenda kuwafariji wao.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule ambao Bariadi ilikuwa ndiyo kwanza imefanywa makao makuu ya mkoa. Kila upande kulikuwa na matofali na mchanga, watumishi waliohamishiwa walikuwa wanalala wawili wawili gesti kwa kukosa vyumba vya kupanga, na kule Lagangabilili ofisi za wilaya mpya ya Itilima zilikuwa bado misingi na nguzo. Nilikuwa afisa kilimo wa kampuni moja ya kununua na kuchambua pamba. Chumba changu kilikuwa nyuma ya kiwanda, na msimu wa kuchambua nyuzi ziliingia mpaka kwenye chandarua. Ukiamka unazitoa kwenye nyusi. Mchana tulikula kantini, wali na maharage, na Jumamosi nyama. Hapo ndipo nilipomjua Jofrey, mtoto wa mwenye kampuni. Baba yake, Mzee Gamaya, alikula ofisini kwake peke yake, lakini Jofrey alikaa na sisi, akala kwa mkono, akataniana na wapishi. Alikuwa ametoka kusoma urubani nje ya nchi, na baba yake alikuwa amemnunulia ndege ndogo ya viti vinne. Siku nyingine aliruka nayo kutoka Mwanza asubuhi, akanywa chai na sisi, akarudi Mwanza kula cha mchana. "Angani hakuna matuta," alipenda kusema, akimcheka dereva wa kampuni aliyefika na vumbi masikioni. Nasema haya ili ieleweke kwamba nilimpenda. Watu wote walimpenda. Wanaodhani nilisimama kumsema marehemu kwa sababu ya chuki hawakuwahi kula naye.

Siku yenyewe ilikuwa katikati ya masika. Mimi na meneja wa mashamba, Bwana Kishiwa, tulitakiwa Mwanza kwa kikao cha mbegu, na Jofrey akasema atatupeleka, maana naye kesho yake alikuwa msimamizi kwenye harusi ya rafiki yake na suti ilikuwa kwa fundi. Tulimkuta kwenye kiwanja cha vumbi nje ya mji, amekaa kwenye tairi la ndege anakula muhindi wa kuchoma. Juu yetu kulikuwa kweupe. Lakini upande wa magharibi, kule ziwani, wingu lilikuwa limesimama jeusi kutoka chini mpaka juu, na upepo uliotoka kule ulikuwa wa baridi, una harufu ya mvua. Simu yake ikalia, akaipokea kwa spika kwa sababu mikono ilikuwa na masizi. Alikuwa mwalimu wake wa urubani wa hapa nchini, yuko Mwanza.

"Jofrey, huku kumefunga. Lala huko huko."

"Mwalimu, huku kweupe kabisa."

"Huku ndiko unakokuja, siyo huko ulipo."

"Nitapita chini yake. Nikiona mbaya nageuza."

"Ukishaona mbaya umechelewa. Lala huko, kijana."

Akamshukuru kwa adabu, akakata simu, akatabasamu. "Wazee wa urubani waoga. Wameshazoea kulipwa posho ya kulala." Nikamwambia, "Jofrey, si twende kesho asubuhi?" Kishiwa akacheka. "Milembe anaogopa ndege." Jofrey akanifungulia mlango wa nyuma kama mtu anayemfungulia bibi harusi, akasema, "Dada Milembe, kabla hujamaliza kuomba tumeshafika." Tukapanda.

Nimesimulia kilichofuata mara nyingi sana, na kila mara kuna mtu anayesubiri nifike kwenye ngurumo au radi au ndege mweusi aliyetokea mbele yetu. Hakukuwa na kitu cha namna hiyo. Tuliruka vizuri. Tuliona mashamba ya pamba, mabati mapya ya Bariadi yakiwaka jua, ng'ombe kama kunde zilizomwagwa. Halafu wingu likawa mbele, na Jofrey akashuka ili alipite chini, akakuta chini nako kuna mvua. Akakata kushoto, upande wa Itilima, kulizunguka. Nalo likaja huko. Hakuna dakika ambayo alisema, "Sasa naingia." Tuliona ardhi, kisha tukaiona kwa vipande, kisha madirisha yote yakawa meupe kama yamepakwa chokaa. Mvua ilipiga bati la ndege mpaka nikaziba masikio. Kishiwa akasema, "Geuza, bwana." Jofrey akasema, "Nageuza." Kwenye kioo cha mbele alikuwa ametundika rozari ya mama yake, na mimi niliikodolea macho hiyo rozari kwa sababu ndicho kitu pekee kilichokuwa kinaonekana. Ilining'inia wima, imenyooka kuelekea sakafuni. Nikajipa moyo: kama tungekuwa tumelala upande si ingelala nayo? Mwili wangu uliniambia tuko sawa. Mwili wa Jofrey ulimwambia hivyo hivyo. Lakini mlio wa injini ulianza kupanda, ukapanda tena, na kiti kikaanza kunivuta chini kama nimebeba gunia, na Jofrey akawa anavuta usukani kifuani huku anatazama nje, anatazama zile saa za kwenye dashibodi zinazoonyesha ndege imekaaje, anatazama tena nje, kama mtu anayesikiliza watu wawili wanaogombana na hajui nani mkweli. Wingu likaachia. Niliiona ardhi. Haikuwa chini. Ilikuwa imesimama pembeni yangu kama ukuta, kijani kibichi, ina mistari ya maji. Majaruba ya mpunga.

Jofrey alipambana. Hilo nalo nalisema kila mara. Alifanikiwa kuliinua bawa moja kabla hatujapiga, na tope la majaruba lilikuwa jingi mwaka ule. Ndiyo maana naandika.

Nilipopata fahamu mvua ilikuwa inaninyeshea usoni ingawa nilikuwa bado nimekaa kwenye kiti. Mguu wangu ulikuwa umebanwa. Mbele yangu alisimama mama mzee, amejifunga kaniki, tope mpaka mapajani, ana mundu mkononi. Akanitazama kwa macho mekundu, na kabla ya jambo lolote akanisalimia kwa Kisukuma, akiniita mama: "Mwadila, mayu." Kama nimekuja kumtembelea. Nami, sijui nguvu niliipata wapi, nikamwitikia, "Mwadila, mayu." Akauliza kama ni salama, "Mhola?" Nikajibu, "Mhola duhu," huku damu inaniingia jichoni. Ndipo akaukata mkanda kwa mundu wake, akaninyanyua kwa makwapa, akanilaza juu ya tuta. Nikazimia tena. Huyo ndiye Limi. Alikuwa mjane, anaishi peke yake, na siku ile maji yalikuwa yamebomoa tuta la jaruba lake, naye alikuwa anakata nyasi za kuliziba. Jofrey alikuwa amekwisha kufa watu walipofika. Kishiwa alivunjika mkono na mbavu.

Mto ulikuwa umejaa, gari halipiti, kwa hiyo mimi na Kishiwa tulilala kijijini mpaka maji yaliposhuka. Yeye alipelekwa kwa mwenyekiti, mimi kwa Limi kwa sababu kwake kulikuwa karibu. Nyumba yake ilikuwa ya tope na nyasi, vyumba viwili, na kile cha mbele alikitumia kupikia wakati wa mvua, akichochea kinyesi cha ng'ombe kilichokauka kwa kuwa kuni zilikuwa zimelowa. Moshi wake unauma. Siku ya pili na mimi nilikuwa na macho mekundu kama yake. Alinifunga mguu kwa vipande vya mianzi na kanga iliyochanika, akanilisha ugali wa mtama kwa nsansa, yale majani ya kunde ya kukausha, yamepikwa na karanga, na kati ya mlo na mlo akaniletea michembe iliyochemshwa, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, nitafune polepole. "Tafuna," aliniambia kwa Kisukuma. "Maumivu hayapendi mdomo unaofanya kazi." Kiswahili alijua kidogo sana, maneno ya sokoni.

Ilikuwa asubuhi, amekaa kwenye kigoda anakoroga, niliposikia wanaume wawili wanaongea nyuma ya ukuta, kwenye zizi. Ukuta ulikuwa na nyufa, hawakujali.

"Majaruba yote haya, inaangukaje kwake tu?"

"Na yeye yuko pale pale. Mvua ile, mtu mzima anafanya nini nje?"

"Na mundu mkononi."

"Umeyaona macho yake?"

"Huyu ndiye aliyewala wale ng'ombe wa mwaka juzi. Sasa amepanda juu, ameanza kushusha ndege."

Nilimtazama Limi. Mkono wake uliendelea kukoroga. Kisha akaonja, akanisogezea kijiko, akauliza kama chumvi inatosha. Nikasema, "Umesikia wanachosema?" Akasema, "Nina miaka mingi nasikia." Nilikuwa nimekulia huku, nilijua maneno kama yale yanakoishia. Nilijua mama mzee anayeishi peke yake anaweza kukutwa mlangoni kwake amekatwa, na kijiji kizima kiseme hakikusikia kitu. Tena majaruba yake yalikuwa ya mbele, karibu na maji, na walikuwepo waliokuwa wameyatazama kwa muda mrefu.

Maji yaliposhuka nikapelekwa hospitali Bariadi. Huko nilikaa wiki nyingi, mguu umening'inizwa, na huko ndiko nilikopata elimu yangu. Mchunguzi wa ajali za ndege alitoka Dar es Salaam, mtu mpole mwenye shati la mikono mifupi, akakaa kwenye kiti cha plastiki akaniuliza kila kitu. Nikamweleza mpaka rozari. Alipomaliza nikamwambia, sasa na mimi nakuuliza. Akanieleza. Alisema Jofrey alikuwa na leseni ya kuruka akiwa anaona ardhi, siyo ya kuruka ndani ya mawingu. Alisema mtu asiyeona chini wala mbele hutegemea masikio na matako yake kumwambia kama amenyooka, na vyote viwili humdanganya. Ndege ikianza kulala upande taratibu na kuzunguka, kila kilichomo ndani huvutwa kuelekea sakafuni kwake, rozari nayo, maji kwenye chupa nayo, na mwili unasema shwari. Rubani aliyefundishwa miaka mingi huuambia mwili wake ukae kimya, akaamini zile saa. Aliyeanza juzi huamini mwili. "Na wengi wao," alisema, "walikuwa wamepigiwa simu na mtu akawaambia wasubiri."

Mzee Gamaya alikuja baada ya maziko. Alikuwa amekonda, koti limemkaa kama la kuazima. Akasimama miguuni pa kitanda, hakukaa.

"Milembe, umemwambia nini yule mtu wa Dar?"

"Nilichokiona, mzee."

"Umesema mwanangu alikatazwa kuruka."

"Alikatazwa. Niliisikia simu."

Akashika chuma cha kitanda. "Kishiwa anasema hakumbuki. Ndege nzima kabisa, mbingu nyeupe, kijana mwenye akili zake. Kuna watu kule wanasema kilichoishusha wanakijua. Mganga naye amesema ni mtu mzima, mwanamke, wa mashariki mwa mto." Sauti ikamkatika. "Mimi sikutumi useme uongo. Nakuomba tu useme hukuona. Nimeshamzika mara moja. Usinizikie mwanangu mara ya pili."

Nilimhurumia. Hata leo namhurumia. Lakini nilimwambia, "Mzee, nikisema sikuona, kuna mama atauawa. Na huyo mama ndiye aliyenitoa." Akanitazama kama nimemtemea mate. Barua ya kuachishwa kazi ililetwa na dereva kabla plasta yangu haijakauka vizuri. Shangazi yangu aliyekuwa akinipelekea chakula alinisihi nikaombe msamaha. Kishiwa, ambaye alilala wodi ya wanaume upande wa pili, alikuja, mkono umefungwa shingoni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Milembe, mimi nina watoto shuleni." Nikamjibu, "Na Limi ana shingo."

Habari za mkutano nilizipata kwa muuza maziwa aliyetoka kule: sungusungu wameitisha kijiji, Limi ataulizwa mbele ya watu. Nilitoka hospitali bila ruhusa. Nilimwambia kijana wa bodaboda anikalishe kiupande, mguu wa plasta umenyooshwa mbele kama bunduki, na tukaenda hivyo mpaka kijijini kwa Limi, upande wa Migato, kila shimo nikiliita kwa jina la mama yangu. Tulipofika, watu walikuwa wamejaa uwanjani mbele ya ofisi ya kijiji, wanaume wamekaa kwenye magogo, wanawake chini. Limi alikuwa amekaa peke yake kwenye mchanga, miguu imenyooka, kaniki imefuliwa. Kamanda wa sungusungu, Mzee Masunga, mwenye filimbi shingoni, alikuwa anamuuliza kwa mara nyingine alikuwa anatafuta nini kwenye mvua.

Nikaingia katikati kwa magongo. Nikasema kwa Kisukuma, bila kusubiri kupewa nafasi, "Kila mtu hapa ameeleza kilichoangusha ndege. Nani kati yenu alikuwa ndani? Mimi nilikuwa ndani. Nitasema mimi." Nikawaeleza. Niliwaeleza wingu la ziwani, simu ya mwalimu, harusi na suti, madirisha yaliyokuwa meupe. Mzee mmoja akaguna, "Mtu na akili zake hajui juu na chini?" Nikamwambia swali hilo ni zuri, na kama Kamanda hataogopa, tutalijibu hapa hapa. Hakuweza kukataa mbele ya wanawake. Nikavua kitenge changu cha begani, akafungwa macho, nikawaambia vijana wamzungushe polepole palepale aliposimama, wamzungushe tena na tena, kisha wamshike atulie kabisa. Nikamuuliza, "Kamanda, sasa hivi unakwenda wapi?"

"Mnanizungusha upande mwingine!" akasema kwa hasira. "Acheni!"

Hakuna aliyekuwa anamzungusha. Kila mtu aliona. "Tembea uende kwenye mlango wa ofisi," nikamwambia. Alikanyaga hatua chache akiegemea kama mti unaokatwa, akavamia akina mama, akamwangukia muuza kahawa na birika lake. Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko, hata Limi alifunika mdomo. Kamanda akavuta kitenge usoni, macho yanamzunguka, anatafuta wa kumpiga.

Nikasema kabla kicheko hakijaisha, "Masikio yako mazima, miguu yako mizima, na umesimama kwenye kijiji ulichozaliwa. Nani amekuroga? Basi yule kijana alikuwa hivyo, ila yeye hakuwa na mtu wa kumfungua kitenge, na chini yake hakukuwa na ardhi ya kuangukia taratibu. Alikuwa mgeni wa kazi yake, akaingia mahali ambapo hata wenyeji wa kazi hiyo huingia kwa kujiandaa. Hicho ndicho kilichomuua."

Ningependa kuandika kwamba walinishangilia. Hawakunishangilia. Kijana mmoja akauliza mbona ndege kubwa zinapita mawinguni kila siku, nikamjibu kuhusu marubani waliofundishwa kuziamini saa za ndege kuliko miili yao, na nadhani alielewa. Lakini nyuma mtu akapaza sauti, "Hayo ni maneno ya shule! Na huyu binti kulala kwa huyo mama siku zote zile, tutajuaje hajalishwa dawa?" Watu wakaanza kunung'unika upya. Mwishowe Kamanda, ambaye sasa hakutaka kuonekana mjinga kwa upande wowote, akapuliza filimbi na kutangaza kwamba suala limeahirishwa mpaka baada ya mavuno.

Kuahirishwa. Kana kwamba ni kikao cha maji. Nilijua maana yake: watasubiri nirudi mjini. Nikamwambia mbele ya wote, "Vizuri. Basi na mimi nitakuwepo mpaka baada ya mavuno. Nalala kwake, nakula kwake. Mtu akija na panga, aanze na mimi, na mimi nimeshaandikwa kwenye karatasi za watu wa Dar es Salaam. Watakuja kuuliza nimekwenda wapi." Hilo la karatasi lilikuwa nusu kweli. Lilitosha.

Hivyo ndivyo nilivyoishi miezi iliyobaki ya mwaka ule, na nikiulizwa nilisoma wapi huwa nafikiria kile chumba cha mbele chenye moshi. Kitanda changu kiliwekwa kikiuzuia mlango. Limi hakupenda. Alisema mgeni halali mlangoni kama mbwa, nami nikamwambia mimi si mgeni, na tukabishana hivyo mpaka akazoea. Plasta ilipotolewa nilianza kushinda naye majarubani, kufukuza ndege wa mpunga kwa kombeo na makelele. Alinifundisha kukausha nsansa isiwe chungu. Aliniimbia nyimbo za kulimia ambazo nyingine hazifai kuandikwa. Alikuwa mchokozi, mbishi, mwenye kinyongo na mbuzi wa jirani, na alinicheka jinsi ninavyochuchumaa. Wanakijiji walipita mbali. Mwanamke aliyekuwa akiazima kinu chake aliacha kukiazima. Watoto walivuka njia walipotuona. Kila tukienda kisimani nilisalimia kwa sauti kubwa kila tuliyekutana naye, kwa jina, na kusimama mpaka ajibu. "Unawachosha," Limi alisema. Nikasema ndiyo nia yangu.

Mpunga ulikuwa umeiva, tunapura kwenye turubai, gari la Mzee Gamaya lilipokuja. Watu waliliona tokea mbali kwa vumbi lake, na mpaka linasimama karibu nusu ya kijiji ilikuwa imejipanga kando ya majaruba kusubiri kuona mzazi atamfanya nini mchawi. Alishuka peke yake. Alivua viatu, akakunja suruali, akauliza ni wapi. Nikamwonyesha. Mabaki ya ndege yalikuwa yameshachukuliwa. Kulikuwa na kiraka tu ambacho mpunga wake haukuota. Alisimama hapo muda mrefu. Kisha akaniuliza bila kugeuka, "Bado unasema ulichosema?"

"Bado, mzee. Na kesho pia."

Akatikisa kichwa, siyo kwa kukataa. Ndipo akamtazama Limi, akamuuliza kwa Kisukuma swali ambalo, katika maswali yote yale, hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza. "Mayu, wewe ulimkuta hai?"

"Nilimkuta hai," Limi akasema. "Nilimwosha tope mdomoni. Alikuwa anasema Kiswahili, mimi Kiswahili sikijui vizuri. Alikuwa anasema, 'Nyoosha, nyoosha.' Nikadhani miguu inamuuma imekunjika. Nikamnyoosha miguu. Akaendelea kusema hivyo, nikamnyoosha na mikono. Nikamshika mpaka akaacha."

Mimi nilikuwa sijawahi kusikia hilo. Nilizimia wakati ule. Nilisimama na ungo mkononi, nikaiona tena ile rozari imening'inia wima kabisa, na Jofrey anavuta usukani, na nikaelewa kwamba alichokuwa anataka kinyooshwe ni mabawa. Nilipomtazama Mzee Gamaya niliona na yeye ameelewa. Alikuwa baba wa rubani. Alikuwa amepanda ile ndege mara nyingi na kumsikia kijana wake akieleza. Alikaa chini, kwenye tope, na suruali yake ya kitambaa. Alilia kama wanaume wa kwetu wanavyolia, bila sauti, mabega tu.

Limi alimwacha alie. Alikwenda nyumbani, akarudi na bakuli la michembe na maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akaviweka mbele yake kama anavyowekewa mgeni yeyote. Kila aliyesimama kando ya majaruba alijua maana ya kula chakula cha mtu anayesemwa uchawi, kilichopikwa kwenye chungu chake, kwa mkono wake. Mzee Gamaya alinawa, akachukua kipande, akatafuna. Akachukua kingine. Alikula bakuli lote, akanywa maziwa mpaka akainamisha kibuyu, akafuta mdomo. "Wabeja, mayu," akamshukuru, kwa sauti ya kutosha kufika kando. Kisha akavaa viatu, akaondoka. Hakunirudishia kazi. Hakuwahi kuniomba radhi wala kusema hadharani kwamba nilikuwa sahihi, na tulipokutana mjini alinipungia mkono kwa mbali mpaka alipofariki. Sikumdai. Baada ya mavuno hakuna aliyeitisha mkutano. Mwenye kuhitaji kinu akaja kukiazima.

Watu hupenda nimalize hapo, kwamba ujinga wa kijijini ulishindwa. Mimi sikubali. Kijijini waliamini mganga. Mjini waliamini pesa ya baba, suti iliyo kwa fundi, na kijana mwenye tabasamu zuri. Nikilinganisha, sioni nani alikuwa amefumba macho zaidi. Na lile wingu halikuwa na ubaya na mtu. Lilisimama kule ziwani mchana kutwa, wazi, linaonekana na kila mwenye macho, na mtu aliyelijua alipiga simu.

Siku hizi ninafanya kazi na mradi wa mifugo upande wa hifadhi, na ndege ndogo ni kama baiskeli kwetu. Huwa napanda. Sijawahi kuziogopa. Mwaka jana tulikuwa kwenye kiwanja kimoja cha nyasi, abiria watatu na rubani kijana, mtanashati, miwani ya jua kichwani, na mbele yetu mbingu imekuwa rangi ya chungu. Nikamuuliza, "Baba, una leseni ya kuruka ndani ya mawingu?" Akasema hatutaingia mawinguni, tutapita chini yake. Nikafungua mkanda. Akasema, "Mama, tutachelewa." Nikashuka, nikasimama mbele ya bawa na mkoba wangu, nikawaambia wale wengine wawili kwamba mimi nalala hapa, na wao waamue. Wakatazamana, wakashuka. Kijana alipiga kelele, akaniita mama mshamba, akapiga teke tairi, akasema atanishitaki kwa mkubwa wangu, na kweli alinishitaki. Mvua ilinyesha mpaka kesho yake. Hajanisamehe mpaka leo. Tukikutana hugeuza uso. Yuko hai.